Isome Kozi Kuanzia Mwisho

Hotuba kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao

Mkuu wa shule, walimu, wazazi na walezi, na ninyi vijana mliotoka kwenye chumba cha mtihani mwezi Mei: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za mchana.

Sisi tunaofanya kazi ya kuwashauri waombaji wa vyuo tunakutana na kosa moja linalojirudia kila mwaka: kijana anachagua kozi kwa kuvutiwa na jina lake. Jina likiwa na neno "biashara", "kimataifa" au "teknolojia", anaona mambo yamenyooka. Anaingia chuoni, anasoma kwa bidii, halafu mwaka wa tatu anaanza kuuliza watu: hivi hii kozi yangu inafanya kazi wapi? Hilo swali lilitakiwa kuulizwa kabla ya kujaza fomu.

Tunachowaomba leo ni kuisoma kozi kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Anza na kazi yenyewe. Uliza anayeifanya anatakiwa awe na leseni gani, na leseni hiyo inatolewa na bodi gani. Uliza bodi hiyo inatambua shahada zipi. Kisha uliza shahada hizo zinataka masomo gani ya kidato cha sita na daraja gani kwa kila somo. Ukifika hapo, weka matokeo yako pembeni ya jibu ulilopata, uone kama vinakutana.

Tutaanzia kwenye matokeo, maana mtayapata hivi karibuni na ndiyo yanayowachanganya watu kuliko kitu kingine chochote.

Baraza la Mitihani linapopanga divisheni, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Wanajumlisha masomo matatu ya kombi yako. Ukipata 3 hadi 9 una divisheni one, 10 hadi 12 divisheni two, 13 hadi 17 divisheni three, 18 na 19 divisheni four. Hapo pointi chache ndiyo sifa. Sasa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, inahesabu kwa upande wa pili kabisa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Hapo pointi nyingi ndiyo sifa. Mtu anayesema "nina pointi 11" bila kusema ni za Baraza au za Tume hajasema kitu.

Kigezo cha chini cha nchi nzima cha kuingia shahada ya kwanza kwa aliyemaliza kidato cha sita ni pasi kuu mbili, yaani E au zaidi, zenye jumla ya pointi 4 za TCU. Lakini sikilizeni vizuri sehemu inayofuata. Pointi hizo zinatoka kwenye masomo mawili yanayotajwa na kozi. Haziokotwi kwenye masomo yoyote uliyofaulu.

Chukueni mfano wa mwanafunzi wa CBG. Kemia amepata E, Biolojia D, Jiografia B. Kwa Baraza ana 5 na 4 na 2, jumla 11. Hiyo ni divisheni two, nyumbani wanachinja kuku. Kwa hesabu ya TCU ana 1 na 2 na 4, jumla 7, na kwa hesabu za mtaani amevuka kigezo kwa mbali. Anaomba kozi inayotaka Kemia na Biolojia. Kwenye masomo hayo mawili ana pointi 3 tu. Anakataliwa, na familia nzima inaamini kuna upendeleo au mfumo umekosea. Mfumo haujakosea. B yake ya Jiografia haikuhesabiwa kwa sababu kozi ile haikuitaja. Kijana huyohuyo angeomba kozi inayopokea Biolojia na Jiografia, angeingia na pointi 6. Kwa hiyo jioni ya siku matokeo yanapotoka, kaa na kalamu uandike jozi zote tatu za masomo yako na pointi za kila jozi. Kazi hiyo haimalizi dakika tano, na ndiyo ramani yako ya udahili.

Kuna kozi zinazotaka masomo matatu, siyo mawili. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote pasi kuu, na kila somo limewekewa daraja lake la chini. Aliyesoma CBG hawezi kuingia udaktari kwa mlango wa kidato cha sita hata akiwa na A tatu, kwa sababu hana Fizikia. Hili tunalisema pia kwa ajili ya wadogo zenu walio kidato cha nne, ambao bado wana nafasi ya kubadilisha kombi.

Masharti hayo yote yamo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU. Kinatoka upya kila mwaka na kinapatikana bure kwenye tovuti ya Tume. Viko viwili: kimoja cha waliomaliza kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada na sifa zinazolingana nayo. Msibebe cha mwaka jana mlichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, maana masharti hubadilika na kozi nyingine huondolewa. Kila kozi ina mstari wake wenye jina, namba ya kozi, masharti ya kuingia, pointi za chini, idadi ya nafasi na muda wa masomo.

Watu husoma jina na muda wakaishia hapo. Sisi tunawaomba mdumu kwenye safu ya masharti, neno kwa neno. Neno "na" na neno "au" katika orodha ya masomo vinatofautisha kuingia na kukosa. Halafu tazameni sentensi ya mwisho ya masharti, ile inayoanza na "kama". Kwenye kozi nyingi za biashara, uchumi, takwimu na kompyuta, sentensi hiyo inasema hivi: kama Hisabati ya juu si mojawapo ya pasi zako kuu, basi uwe na angalau S ya BAM (Hisabati ya msingi ya kidato cha tano na cha sita), au uwe umefaulu Hisabati kidato cha nne kwa daraja linalotajwa. BAM hiyo mnayoiona ni somo la kusindikiza ndiyo inayofunga au kufungua mlango wa uhasibu kwa mtu wa HGE (Historia, Jiografia, Uchumi). Na mtu wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) aliyepata F ya Hisabati kidato cha nne, ambaye kidato cha tano na cha sita hakugusa BAM, ajue mapema kwamba karibu safu nzima ya kozi za biashara haimhusu. Ajielekeze kwingine kabla hajalipia maombi.

Safu ya nafasi nayo isomeke. Kozi yenye nafasi 40 na kozi yenye nafasi 400 haziombwi kwa namna moja. Pointi za chini zinakuruhusu kuomba, basi. Nafasi zenyewe wanapewa wenye pointi za juu kwanza, kisha wanashuka hadi zijae. Ukiwa na pointi zilezile za chini kabisa, usijaze machaguo yako yote kwa kozi zenye nafasi chache. Weka ya kwanza unayoitaka kwa moyo wote, weka mbili ambazo pointi zako ziko juu ya kigezo, na uhakikishe hata ile ya mwisho ni kozi ambayo ungekubali kuisoma. Tumeona wengi wakijaza chaguo la mwisho bila kufikiri, na ndilo lililowapokea.

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kila chuo na mfumo wake na ada yake ya maombi. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unapata ujumbe wenye namba ya siri na unatakiwa kuthibitisha chuo kimoja ndani ya siku zilizopangwa. Asiyethibitisha hupoteza nafasi. Hapa panatokea kitu cha kusikitisha sana. Kijana alijaza namba ya simu ya mjomba, mjomba amebadilisha laini, ujumbe umeingia kwenye simu isiyowashwa. Tumieni namba yenu wenyewe, na barua pepe ambayo nywila yake mnaikumbuka.

Sasa twende kwenye mwisho wa kozi, kule tulikosema muanzie.

Kazi nyingi za taaluma hapa Tanzania zina bodi au baraza, na shahada peke yake haikupi ruhusa ya kuifanya kazi hiyo. Daktari anasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, na Baraza la Madaktari linamsajili. Mwanasheria anasoma miaka mitatu au minne kufuatana na chuo, na akitaka kuwa wakili anaenda Shule ya Sheria kwa Vitendo kwa mwaka mmoja zaidi. Mitihani ya shule hiyo si ya kuchezea. Mwaka 2022 matokeo yake yalizua mjadala hadi Serikali ikaunda kamati ya kuyachunguza. Mzazi anayepanga bajeti ya shahada ya sheria apange na mwaka huo, maana nao una ada yake na pango lake.

Mhasibu mwenye shahada bado ana mitihani ya Bodi ya Wahasibu, NBAA, ili apate CPA, yaani cheti cha mhasibu wa kitaaluma. Aliyesoma shahada ya uhasibu husamehewa ngazi za chini na kuanzia ngazi ya kati, wakati aliyesoma fani nyingine anaweza kutakiwa kuanzia chini zaidi. Tofauti hiyo inaweza kuwa mwaka mzima wa maisha yako. Mnunuzi na mgavi anasajiliwa na bodi ya PSPTB. Mhandisi anaanza kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi akiwa mhandisi mhitimu, anafanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo anaomba kuwa mhandisi mtaalamu na kupata mhuri wake. Mfamasia, muuguzi, mtaalamu wa maabara, mkadiriaji majenzi, msanifu majengo, wote wana vyombo vyao.

Kwa hiyo kabla hujaijaza kozi yoyote ya fani hizi, fungua tovuti ya bodi husika, au piga simu ofisini kwao, uulize jambo moja: shahada hii, ya chuo hiki, mnaitambua? Msiulize chuo peke yake. Chuo kinauza kozi yake na afisa udahili hatakwambia udhaifu wake. Kozi inaweza kuwa na ithibati ya TCU na bado jina lake likawa halijulikani kwenye usajili wa bodi, hasa kozi mpya zilizounganisha fani mbili katika jina moja. Mwenye shahada ya namna hiyo anafaulu vizuri chuoni, halafu anasimama kwenye dirisha la bodi akiombwa vyeti vya ziada.

Kwa kazi za Serikali kuna kipimo kingine ambacho hakigharimu chochote zaidi ya bando la intaneti. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huweka matangazo yake hadharani. Tafuta matangazo 20 ya miaka mitatu iliyopita ya cheo unachokiota, tuseme ofisa misitu, ofisa takwimu, ofisa maendeleo ya jamii. Chukua daftari. Kwa kila tangazo, andika majina ya shahada yaliyotajwa kwenye sifa za mwombaji. Ukimaliza, hesabu. Utakuta majina mawili au matatu yanajitokeza karibu kila tangazo na mengine yanaonekana mara moja moja. Kama kozi uliyoipenda haimo hata kwenye tangazo moja, hapo umepata jibu ambalo hakuna kipeperushi cha chuo kingekupa. Ni kweli matangazo mengi huongeza maneno "au fani nyingine zinazolingana". Ila ukumbuke anayeamua kama fani yako inalingana ni mchujaji mwenye mafaili mengi mezani, na mafaili ambayo hayahitaji mjadala ndiyo yanayopita mbele.

Wanaotaka ualimu wasome matangazo hayo kwa jicho la pekee. Mwalimu wa sekondari anaajiriwa kwa masomo anayofundisha, na matangazo ya miaka ya karibuni yameyapa uzito mkubwa masomo ya sayansi na Hisabati. Aliyesoma ualimu wa Fizikia na Hisabati na aliyesoma ualimu wa Historia na Jiografia wana shahada inayoitwa kwa jina moja, lakini foleni zao hazilingani kabisa. Hatusemi watu waache Historia. Tunasema anayeichagua aichague akijua urefu wa foleni, na awe na mpango wa miaka miwili ya kusubiri.

Tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi, nalo ni kuchagua kozi kwa kufuata mradi mkubwa uliotangazwa. Kuanzia mwaka 2010 iligunduliwa gesi nyingi kwenye kina kirefu cha bahari, mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara. Makadirio ya akiba ya nchi yalifika futi za ujazo trilioni 57. Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Kila mtu aliongelea gesi. Vyuo vilikuwa na kozi za uhandisi wa petroli na jiolojia ya petroli, na vijana wenye ufaulu mzuri wa masomo ya sayansi wakamiminika huko. Ila ajira nyingi walizozitegemea zilifungamana na kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika kule Lindi, na mazungumzo ya mradi huo yakaenda mwaka hadi mwaka bila uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Shahada ni miaka minne. Mradi wa ukubwa ule unaweza kuchukua zaidi ya miaka kumi tangu ugunduzi. Kijana hawezi kukaa nyumbani kuusubiri.

Waliokuwa wamesoma uhandisi wa mitambo, umeme au usindikaji wa kemikali hawakukwama namna ile. Kama gesi imechelewa, viwanda vya saruji vipo, vya sukari vipo, vya vinywaji vipo, migodi ipo. Mhandisi wa mitambo akitaka kuingia kwenye petroli mradi ukianza, anaongeza kozi fupi au shahada ya pili. Wa petroli akitaka kuingia kwenye saruji anaanza kujieleza upya. Ndiyo maana tunashauri shahada ya kwanza iwe pana, na ubobezi uje baadaye, ukiwa tayari ndani ya kazi na mara nyingine mwajiri akikulipia.

Na miradi inayokamilika nayo ina hesabu yake. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilihitaji maelfu ya watu wakati wa ujenzi. Sasa mitambo yake 9 yenye jumla ya megawati 2,115 inaendeshwa na watu wachache sana ukilinganisha na waliolijenga. Reli ya kisasa ni hivyohivyo, na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga litakuwa hivyohivyo. Ukisikia mradi umetangaza ajira, uliza ni za ujenzi au za uendeshaji, na zitakuwa bado zipo siku utakayohitimu?

Kuhusu kozi za kompyuta tutasema kwa kifupi. Sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu, mifumo ya taarifa, usalama wa mitandao: miaka miwili ya mwanzo inafanana sana. Omba kitabu cha mtaala cha chuo, uhesabu masomo ya hisabati na masomo ya kuandika programu. Kozi yenye jina zuri ambayo ndani yake masomo ya uongozi na mawasiliano ni mengi kuliko ya kuandika programu haitakufanya mwandishi wa programu. Waajiri wa fani hii huomba kuona ulichotengeneza, kwa hiyo anza kutengeneza mwaka wa kwanza.

Tunajua pia humu ndani wapo ambao matokeo hayatawapa pointi 4. Wazazi, tunawaomba msikimbilie kumrudisha mtoto kurudia mtihani kabla ya kutazama stashahada. Vyuo vya kati vinasimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Tabibu anasoma stashahada ya miaka mitatu, anapata usajili na kufanya kazi ya kutibu watu, na baadaye akiwa na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 na sifa nyingine zinazotajwa, anaweza kuomba udaktari. Fundi sanifu wa umeme au ujenzi anayetoka chuo kama DIT au Chuo cha Ufundi Arusha anaingia shahada ya uhandisi akiwa tayari amegusa mashine, na mara nyingi anawapita waliotoka kidato cha sita kwenye masomo ya karakana. Kinachoharibu njia hii ni mtu kuingia stashahada kwa kujisikia ameshindwa, anasoma ilimradi, anamaliza na GPA ya 2.8, na mlango wa shahada unakuwa umefungwa kwa tofauti ya 0.2 tu. Kama unaingia stashahada, weka 3.0 kichwani tangu muhula wa kwanza. Na kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe ina ithibati, maana yapo matangazo kwenye nguzo za umeme ya vyuo ambavyo vyeti vyake havitambuliki popote.

Tufike kwenye fedha. Bodi ya Mikopo inatoa mkopo, na mkopo ni deni. Ukiajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi. Tupige hesabu pamoja. Tuseme umemaliza chuo ukiwa umekopeshwa jumla ya shilingi milioni 12, na mshahara wako ni shilingi 800,000. Asilimia 15 ni 120,000 kwa mwezi. Utalipa kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne, kama mshahara hautapanda. Nafuu ni kwamba mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilikuza deni mwaka hadi mwaka. Hatuwaambii msikope. Wengi wenu bila mkopo hamtasoma, na mkopo huo ni haki ya mwenye uhitaji. Tunawaambia muweke namba hiyo mezani pamoja na kozi, hasa mnapolinganisha chuo cha binafsi chenye ada ya mamilioni na cha umma chenye ada ndogo kwa kozi ileile.

Kinachowanyima watu mkopo mara nyingi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huchukua siku. Aliyefiwa na mzazi ahakikishe na cheti cha kifo kimehakikiwa, maana bila hicho mfumo haumtambui kuwa yatima. Majina yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA. Kama cheti kimoja kinasema Juma na kingine Jumaa, shughulikieni sasa kwa hati ya kisheria, msingoje Septemba. Na namba ya mtihani ya kidato cha nne utakayotumia kuombea chuo ndiyo hiyohiyo utumie kuombea mkopo. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mara mbili, akatumia namba moja huku na nyingine kule, anaonekana kwenye mifumo kama watu wawili: mmoja amedahiliwa hana mkopo, mwingine ana maombi ya mkopo lakini hajadahiliwa. Fomu ya mkopo ikichapwa inahitaji saini na mihuri ya serikali ya mtaa na ya wakili au hakimu. Kurasa zikaguliwe moja moja kabla ya kupakiwa, kwa sababu mhuri mmoja uliosahaulika unatosha kulirudisha ombi lote.

Mkishaingia chuoni, kuna mambo mawili tu tutayasema leo. La kwanza ni GPA. Kila somo lina uzito wake, na masomo hayalingani. Ukipata A yenye pointi 5 kwenye somo la uzito 6, na C yenye pointi 2 kwenye somo la uzito 12, wastani wako ni 3.0. Ukiipandisha hiyo C iwe B, ambayo chuoni ni pointi 3, wastani unaruka hadi karibu 3.7. Kwa hiyo saa zako za kusoma zigawe kwa uzito wa somo, usizigawe kwa utamu wake. Daraja la juu la pili linaanzia 3.5, na anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi anahitaji angalau 3.8. Masomo ya mwaka wa kwanza yanahesabika sawa na ya mwaka wa mwisho, na ndiyo watu hufanya mzaha nayo.

La pili ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Wengi hutafuta sehemu ya fildi wiki mbili kabla ya kufunga chuo, wanaishia ofisi ya ndugu wakipanga mafaili na kusainiwa kitabu. Barua zipelekwe kuanzia Januari, kwenye taasisi zisizopungua tano, zikiwa zimetaja kitengo unachotaka kufanyia kazi. Wiki nane hivi za fildi ndiyo mara ya kwanza mtu wa fani yako atakuona ukifanya kazi, na nafasi nyingi za kujitolea na za mkataba huanzia hapo. Mwombe msimamizi wako kazi yenye matokeo yanayoonekana: ripoti, mchoro, hesabu zilizofungwa, programu inayofanya kazi. Ndicho utakachokuja kukionyesha kwenye usaili.

Wazazi, neno moja kwenu. Mtoto akisema hataki kozi mliyomchagulia, msimwulize kwa nini anawakatalia. Mwambieni alete mstari wa kozi yake kutoka kwenye kitabu cha TCU, jibu la bodi, na lile daftari la matangazo 20. Akivileta, ameshafanya kazi kubwa kuliko wengi, na hapo mna kitu cha kuzungumza. Asipovileta, naye ana haki ya kuwadai ninyi mlete vyenu.

Vitabu vya mwongozo tumevichapa nakala kadhaa, viko kwenye meza ya kulia. Meza ya kushoto ni ya vyeti vya kuzaliwa na majina yasiyofanana. Waliokuja na vyeti waanze na hiyo, maana ndiyo yenye foleni. Maabara ya kompyuta iko wazi hadi saa kumi na moja jioni kwa wanaotaka kuanza kuandika orodha ya matangazo ya ajira leo hii. Maswali tuanze na wenye CBG, kisha HGL.